Baiskeli Zipo, Njia Ndiyo Inayokatika

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wakazi wa mji, wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, na ninyi mliochelewa kwa sababu mlikuwa mnazunguka nje mkitafuta pa kufungia baiskeli: hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie hali ya baiskeli katika mji wenye chuo kikuu. Nina jambo moja tu la kusema, na yote mtakayoyasikia yanalizunguka hilo. Mji wa chuo hauna shida ya kupata waendesha baiskeli. Wanakuja wenyewe, kila mwaka, bila kubembelezwa. Shida ni kwamba njia tunayowapa inakatika, na inakatika mahali inapohitajika zaidi, yaani kwenye makutano ya barabara na kwenye mita mia za mwisho kabla ya mlango. Kwa hiyo kiongozi akisimama mbele yenu na kujivunia kilomita kadhaa za njia za baiskeli, mwulizeni zinaishia wapi.

Nianze na hili la watu kuja wenyewe. Miji mingine ikitaka watu wapande baiskeli hufanya kampeni, huchapisha vipeperushi, hugawa fulana. Mji wa chuo hauhitaji hayo. Una maelfu ya vijana wenye mifuko myembamba, wanaoishi kilomita mbili au tatu kutoka darasani, wenye kipindi saa tatu asubuhi upande mmoja wa mji na maabara saa tano upande mwingine. Basi halifai kwa ratiba ya namna hiyo, na gari hawana. Mahali pengine hata wakiwa nalo hawaruhusiwi: Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kimekuwa na kanuni inayomzuia mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuweka gari ndani ya maili 10 kutoka kanisa la Great St Mary's bila kibali. Sensa ya 2011 ilikuta zaidi ya robo ya wakazi wenye ajira wa mji huo wanakwenda kazini kwa baiskeli, na hiyo ni hesabu ya safari za kazini, si za darasani.

Ila huyu mgeni anayekuja kila mwaka, tumtazame vizuri. Ni wiki ya kwanza ya muhula. Baiskeli ameinunua kwa mwanafunzi aliyemaliza masomo, ambaye naye aliinunua kwa mwingine. Siti iko chini mno, magoti yanakaribia usukani. Raba za breki zimekauka, akiminya zinapiga kelele tu na baiskeli inaendelea. Taa ya nyuma ipo, betri haina. Na huenda ametoka nchi ambayo magari hupita upande mwingine wa barabara, kwa hiyo akifika njia panda shingo yake inageukia kule alikozoea tangu utotoni. Mwenyeji hujifunza mitaa ya mji wake mara moja katika maisha. Mji wa chuo unafundisha watu wapya kila mwaka, halafu wakishaelewa wanahitimu na kuondoka. Barabara inayomtaka mtu awe mzoefu ndipo apite salama, haifai kwa mji wa aina hii.

Kuna na suala la saa. Wahandisi hupenda wastani wa siku nzima, na wastani wa siku nzima kwenye mji wa chuo unadanganya. Dakika kumi kabla ya kipindi, mamia ya baiskeli hufika kwenye taa moja; kipindi kikishaanza, barabara inabaki nyeupe. Mji wa Groningen huko Uholanzi, ambao chuo chake kilianzishwa 1614, ulifika mahali pa kupata foleni za baiskeli. Asubuhi wanafunzi wote walipita njia moja kuelekea kampasi ya Zernike, hadi utawala wa mji ukaanza kuweka alama na kutangaza njia mbadala ili kuwatawanya. Natamani sote tuwe na matatizo ya namna hiyo.

Sasa historia kidogo, kwa sababu wapo wanaodhani mambo haya ni ya Waholanzi tu.

Mji wa Davis, California, una kampasi ya Chuo Kikuu cha California. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampasi hiyo ilipoanza kupanuka, mkuu wake, Emil Mrak, aliwaagiza wachora mipango waipange kwa kufikiria watu watakaopanda baiskeli, na wanafunzi wapya wakaombwa waje nazo. Mjini kwenyewe hali ilikuwa tofauti: magari yaliongezeka na baiskeli zikasukumwa pembeni. Mwalimu wa uchumi, Frank Child, na mkewe Eve, waliokuwa wamekaa Uholanzi kwa muda, waliungana na wakazi wenzao kudai njia. Uchaguzi wa halmashauri ya mji mwaka 1966 ukawa uchaguzi wa baiskeli. Waliozitaka njia walishinda, bunge la jimbo likabadilisha sheria ili zikubalike, na 1967 Davis ikachora njia za baiskeli zilizo miongoni mwa za mwanzo kabisa Marekani.

Lakini kinachonivutia zaidi kwa Davis ni kile kilichowashinda. Walijaribu aina kadhaa za njia. Kwenye baadhi ya mitaa walizitenga na magari kwa vizuizi vya zege, kama tunavyodai leo. Katikati ya mtaa zilifanya kazi vizuri. Zilipofika makutano, dereva anayekata kona hakumwona mwendesha baiskeli aliyekuwa nyuma ya vizuizi, wala mwendesha baiskeli hakujua aende vipi. Wakaachana nazo, wakabaki na rangi. Ilipofika 2015 ndipo Davis ikajenga makutano yaliyolindwa, ya mtindo wa Kiholanzi, miongoni mwa ya kwanza nchini humo. Karibu nusu karne ilipita, na kilichowakwamisha ni kona tu.

Kwa hiyo tusimame kwenye kona. Nitachukulia kwamba magari yanapita kushoto.

Mwendesha baiskeli yuko kwenye njia yake iliyochorwa ukingoni, upande wa kushoto. Mita ishirini kabla ya taa, mstari unageuka nukta nukta, kisha unapotea. Pembeni yake kuna lori refu limewasha indiketa ya kushoto. Taa inakuwa ya kijani kwa wote wawili. Yeye anakwenda mbele, lori linakata kona. Hakuna aliyevunja sheria ya taa. Lakini dereva ameketi juu sana, na baiskeli iko pale ambapo vioo vyake haviangazi vizuri. Isitoshe, magurudumu ya nyuma ya gari refu hayafuati mkondo wa yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani zaidi. Nafasi iliyokuwepo lori liliposimama inazidi kubana kadiri linavyogeuka. Mwendesha baiskeli anashtuka ubavu wa lori unamjia, na kushoto kwake ni ukingo wa zege. Hakuna pa kukimbilia.

Ukiwaambia watu wa mipango habari hii, wengi watakujibu kwa neno elimu. Tuwafundishe madereva, tuwafundishe wanafunzi. Sikatai. Kanuni za barabara za Uingereza zilizorekebishwa Januari 2022 zinasema waziwazi kwamba dereva anayekata kona asimkatie njia mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja, na kwamba anapompita aache angalau mita 1.5 kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa. Ni kanuni nzuri. Ila kanuni haimgeuzi dereva shingo.

Zege inamgeuza. Makutano yaliyolindwa yana kisiwa kidogo cha zege kwenye kila kona. Kisiwa hicho kinafanya mambo mawili. Kwanza, kinambana dereva akate kona kwa mduara mdogo, hivyo lazima apunguze mwendo apende asipende. Pili, kinasogeza kivuko cha baiskeli nyuma kiasi cha urefu wa gari moja, hivyo gari linapofika kwenye kivuko limeshageuka, na dereva anamwona mwendesha baiskeli kupitia kioo cha mbele badala ya kumtafuta kwenye kioo cha pembeni. Mstari wa kusimamia baiskeli nao umewekwa mbele ya ule wa magari, kwa hiyo taa ikiwaka wa baiskeli anaanza kuonekana kabla lori halijasogea. Hakuna mtambo wowote hapo. Ni ukingo uliowekwa mahali pengine.

Groningen walitafuta jibu jingine, na tangu 1989 wanalo kwenye makutano yao kadhaa: magari ya pande zote yanasimamishwa kwa taa nyekundu, kisha baiskeli za pande zote zinapewa kijani kwa wakati mmoja, na ruksa kukatisha pembe kwa pembe. Mgeni akiliona mara ya kwanza anasubiri ajali. Haitokei, watu wanapishana kwa macho, kila mmoja anapunguza kidogo. Wamefunga hata vihisi vya mvua kwenye baadhi ya taa: mvua ikinyesha, baiskeli hazisubirishwi sana.

Na kipilefti je? Kipilefti kikubwa cha kawaida, chenye njia mbili za magari, ndicho mahali ninapoona watu wazima wenye heshima zao wakishuka na kusukuma baiskeli kama waliokamatwa. Cambridge walifungua Julai 2020, kwenye barabara ya Fendon, karibu na hospitali ya Addenbrooke's, kipilefti cha Kiholanzi kilichokuwa cha kwanza cha aina yake Uingereza: pete ya baiskeli inazunguka nje ya pete ya magari, na gari linapoingia au kutoka linampisha kwanza anayevuka kwa miguu, kisha wa baiskeli. Gharama ilizidi makadirio ya awali zaidi ya mara mbili, magazeti yakawa na sikukuu. Mimi nasema hivi: kama mji utakuwa na pesa ya kujenga kitu kimoja tu kizuri, basi na kiwe makutano. Kilomita tano za rangi ya kijani ukingoni ni rahisi, zinapigwa picha vizuri, na hazimsaidii mtu pale anapogongwa.

Tusidanganyane kuhusu rangi. Mstari uliochorwa kati ya magari yaliyoegeshwa na magari yanayokwenda unamweka mtu katika eneo la milango. Mlango ukifunguliwa ghafla ana uchaguzi wa kuugonga au kuingia barabarani mbele ya basi. Kanuni hizo za Uingereza nilizotaja zinamtaka dereva afungue mlango kwa mkono ulio mbali nao, maana kufanya hivyo kunamlazimisha kugeuza mwili na kutazama nyuma. Jaribuni mkirudi nyumbani. Lakini dawa ni kubadilishana nafasi: magari ya kuegesha yakae nje, baiskeli zipite ndani, na pabaki upana wa kufungulia mlango katikati. Upana wa barabara ni ule ule.

Wapo pia wanaotatua tatizo kwa kuweka ubao wa alama kwenye njia ya waenda kwa miguu na kusema mshirikiane. Huo ni ubahili uliovaa suti. Mzee mwenye fimbo anaogopa, mama mwenye kigari cha mtoto anakasirika, mwanafunzi aliyechelewa anapiga kengele, na halmashauri inahesabu mita hizo kama njia ya baiskeli. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa Julai 2020 kuhusu usanifu wa njia hizi ulilisema vizuri: baiskeli ni chombo cha usafiri, ishughulikiwe hivyo, isichanganywe na mtu anayetembea.

Niseme na lililo zuri, maana mmeanza kununa. Kutoka hospitali hiyo ya Addenbrooke's kwenda kijiji cha Great Shelford kuna njia inayofuata reli, iliyochorwa mwaka 2005 mistari 10,257 ya rangi nne. Kila mstari ni herufi moja ya jeni ya BRCA2, ambayo hitilafu zake huongeza hatari ya saratani ya matiti. Unakanyaga pedali na jeni inapita chini ya tairi. Huko Münster, Ujerumani, ngome ya zamani ilibomolewa na mahali pake pakapandwa miti. Leo ni barabara ya duara ya karibu kilomita nne na nusu kuuzunguka mji wa kale, bila magari, na wanafunzi wanaitumia kuhama upande mmoja kwenda mwingine. Mtu hachagui baiskeli kwa sababu ya usalama peke yake. Anachagua pia kwa sababu ya kivuli.

Sasa jambo zito zaidi, ambalo waandaaji waliniomba nilipitie polepole. Groningen haikufika ilipo kwa kujenga njia. Ilifika kwa kuhamisha magari. Usiku mmoja wa Septemba 1977 katikati ya mji iligawanywa sehemu nne. Gari linaweza kuingia kila sehemu, lakini haliwezi kutoka sehemu moja kwenda nyingine moja kwa moja. Lazima lirudi nje kwenye barabara ya mzunguko na kuingia upya. Baiskeli inakatisha tu. Mpango uliongozwa na mwanasiasa kijana, Max van den Berg, aliyeingia kwenye uongozi wa mji akiwa na miaka 24, na wafanyabiashara wa katikati ya mji waliupinga vikali. Haukuwa mradi wa gharama kubwa: vibao, vizuizi, mitaa kugeuzwa upande mmoja. Uliwagharimu uhusiano na watu, na hiyo ndiyo gharama ambayo viongozi wengi hawataki kuilipa. Ukisafiri kwa gari umbali mfupi ukakuta unazunguka, na jirani yako kwa baiskeli anakwenda moja kwa moja, hakuna anayehitaji kukuhubiria.

Tufike mlangoni, mita mia za mwisho. Utrecht, Uholanzi, wana maegesho ya baiskeli chini ya uwanja wa stesheni, yaliyokamilika 2019, yenye nafasi 12,500, ghorofa tatu, unaingia ukiwa juu ya baiskeli na saa 24 za kwanza ni bure. Münster walikuwa na ya kwao tangu 1999, nafasi 3,300, na fundi wa baiskeli humo humo. Sisemi tujenge ya Utrecht. Nasema tutazame vyuma tulivyonavyo nje ya ukumbi huu. Vingi ni vile vinavyobana gurudumu la mbele tu. Baiskeli ikisukumwa kidogo inalala, rimu inapinda, na mwizi anafungua gurudumu moja na kuondoka na iliyobaki. Chuma kinachofaa ni bomba lililopindwa kama U iliyogeuzwa, lililozamishwa kwenye zege. Baiskeli inaegemea, na fremu pamoja na gurudumu vinafungwa kwa kufuli moja. Viachane kama mita moja ili usukani usinase kwa wa jirani. Viwekwe mbele, kwenye mwanga, panapopita watu, kwa sababu mwizi anapenda nyuma ya jengo kuliko sisi tunavyopenda. Na kila mwisho wa mwaka wa masomo mtu apite aweke kikaratasi kwenye baiskeli zilizotelekezwa, apewe muda mwenyewe, kisha ziondolewe, zitengenezwe, ziuzwe kwa wanaokuja. Nusu ya uhaba wa nafasi tunaolalamikia huenda ni mizoga yenye tairi bapa.

Kwa wanafunzi nina maneno machache, na hamtayapenda. Wekeni taa. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Mwenye mwenge wa simu mdomoni namwona pia. Msipite kwenye taa nyekundu huku mkitazamana na bibi anayevuka, kwa sababu yule bibi ndiye atakayekuja kwenye kikao cha halmashauri kupinga njia mpya, na atakuwa na hoja. Helmeti nitaiacha, anayetaka avae, mimi huvaa, lakini helmeti haizuii lori.

Na ninyi watu wa halmashauri, msiupime mji kwa wanafunzi. Kijana wa miaka ishirini atapita popote, mvua ikinyesha, mkono mmoja, akiwa na boksi la vitabu kwenye karia. Ujasiri wake unawadanganya kwamba hali ni nzuri. Mtazameni mpishi wa bweni anayetoka zamu usiku. Mtazameni profesa mstaafu, au mzazi anayempeleka mtoto wa miaka minane shuleni, mtoto akiwa juu ya baiskeli yake mwenyewe. Wao wakiwepo barabarani, njia imekamilika. Wakikosekana, kuna mahali inakatika, na wao wanapajua kuliko mshauri yeyote mtakayemlipa. Waulizeni, watawaonyesha kwa kidole.

La mwisho ni la mkandarasi. Barabara ikichimbwa kwa ajili ya bomba au nyaya, magari hutengenezewa mchepuko wenye vibao tangu kilomita moja nyuma. Baiskeli hukuta kibao kimoja kimesimama katikati ya njia yao, kikisema njia imefungwa, na hakuna maelezo ya waende wapi. Miezi mitatu hivyo inatosha kumfanya mtu arudi kwenye gari, na hatoki tena. Sharti liandikwe kwenye kibali cha kuchimba: hakuna kufunga njia ya baiskeli kabla mchepuko wake haujakaguliwa na mtu aliyeupita kwa baiskeli, na lami irudishwe usawa, si kiraka chenye ukingo wa kumwangusha mtu gizani. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji aya moja kwenye fomu, na anayesaini fomu hizo nimeambiwa yupo humu ndani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali, na nafasi ya kwanza nampa yule mzee wa safu ya tatu, ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipoanza habari za kuhamisha magari.